Elimu ya Utawala Chini ya Milima ya Uluguru

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza alifika Morogoro mwanachuoni mmoja wa Kimarekani, Roland Young wa Chuo Kikuu cha Northwestern, ambaye alikuwa amekwisha kuandika vitabu juu ya Bunge la nchi yake, na akiwa pamoja na Henry Fosbrooke, ofisa wa serikali ya Tanganyika aliyezijua vema mila za wenyeji, akaingia katika milima ya Uluguru kuchungua sababu za fitina iliyozuka baina ya wakulima wa huko na serikali yao. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapwa kitabuni mwaka 1960. Mtu aliyelijua Bunge la Washington ndani na nje hakuona kuwa siasa za koo za Waluguru ni jambo dogo la kupuuzwa. Alitaka kujua ni nani mwenye amri katika vilima vile, ameipata wapi, na yule anayeamriwa ana njia gani ya kukataa. Maswali ya namna hiyo ndiyo kiini cha elimu ya uraia popote duniani, nami hustaajabu kuona kwamba vijana wa sekondari waliozaliwa katika vilima hivyo hivyo huweza kumaliza miaka minne ya masomo bila ya kuulizwa hata moja kati yake kuhusu mahali walipozaliwa.

Kisa kilichomleta Young kinastahili kusimuliwa kwa ukamilifu, maana wengi wamekisahau. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu kwamba udongo wa Uluguru unachukuliwa na mvua, na kwamba mito iteremkayo kutoka huko, ambayo ndiyo chanzo cha Ruvu, itaharibika. Ikabuni mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi, na kuanzia mwaka 1950 wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, watake wasitake. Hofu ile ilikuwa ya haki. Lakini matuta hayo, katika miteremko mikali yenye udongo mwembamba, aghalabu yalifukia udongo wenye rutuba na kuutoa juu udongo mfu wa chini, mavuno yakapungua, na taabu yote ikawaangukia watu ambao hawakuulizwa neno. Aliyetakiwa kuwaamrisha alikuwa Sultani wa Uluguru, cheo ambacho kwa kweli hakikuwa na asili ya kale, kwa kuwa Waluguru tangu zamani waliongozwa na koo zao, kila ukoo na ardhi yake na wazee wake, na hata Kingalu wa Kinole, ambaye jina lake liliheshimiwa sana upande wa mashariki kwa habari ya mvua, hakuwa mfalme wa mlima mzima. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, halaiki ya watu ilikusanyika kuyakataa matuta, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Chama cha TANU, ambacho wakati ule kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikajipatia wafuasi wengi milimani.

Mwalimu wa Uraia akiwa na kisa hiki kimoja mkononi anaweza kufundisha muhula mzima. Humo mna suala la ridhaa ya watawaliwa, maana serikali ilikuwa na hoja njema ya kuhifadhi udongo, na bado ikashindwa kwa sababu haikuitafuta ridhaa hiyo. Mna suala la uhalali wa kiongozi aliyepokea amri kutoka juu ilhali hakuwa na mizizi chini. Mna haki ya kukusanyika, na mipaka ya nguvu za polisi, na wajibu wa raia kwa majirani zake wanaokunywa maji ya mto uleule. Wajukuu na vitukuu vya watu waliokuwapo Matombo siku ile wako madarasani leo.

Na si Matombo peke yake. Miaka miwili kabla ya risasi zile, mwaka 1953, serikali hiyo hiyo ilikuwa imefungua huko Mzumbe, kando ya barabara iendayo Iringa, shule ya serikali za mitaa, iliyokusudiwa kuwafundisha machifu, makarani na madiwani wa mamlaka za wenyeji namna ya kuongoza watu na kutunza hesabu. Hata ikawa kwamba katika wilaya moja, kwa wakati mmoja, utawala ulifundishwa kama fani upande huu wa mlima, na upande wa pili watu walikuwa wakiukataa. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 shule haikufa, bali wanafunzi wake walibadilika, kwani machifu waliondolewa madarakani kwa sheria mwaka 1963. Mwaka 1972 ikaunganishwa na chuo kingine cha utawala na kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikapanda daraja ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Mwaka huo huo wa 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa nchini kote na madaraka yakakabidhiwa kwa maofisa wa mikoa na wilaya, mpaka zilipofufuliwa kwa sheria za mwaka 1982. Kwa hiyo kijana aliyesoma sekondari Morogoro katika miaka ile kumi hakuwa na halmashauri ya kwenda kuitazama hata kama angelitaka.

Somo lenyewe nalo lina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, shule zetu zilifundisha Siasa, na Siasa ilikuwa ni elimu ya chama kimoja na itikadi yake. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchini mwaka 1991 iliwakuta zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, nayo ikashauri, kwa hekima ambayo mimi huihesabu miongoni mwa mambo makubwa ya historia yetu, kwamba wachache nao wasikilizwe na mlango wa vyama vingi ufunguliwe. Ukafunguliwa mwaka 1992. Siasa ikatoka darasani na Uraia ukaingia: alama za taifa, haki za binadamu, familia, usalama barabarani, Katiba, serikali kuu na serikali za mitaa. Kilichokuwa kikihubiriwa kwa hamasa kikageuka kuwa orodha ya kukaririwa, na tena kwa Kiingereza, kwa sababu mtoto aliyefundishwa Uraia kwa Kiswahili katika shule ya msingi alilazimika, mara alipoingia kidato cha kwanza, kuisoma Katiba ya nchi yake kwa lugha ambayo wazazi wake hawakuitumia kamwe katika mkutano wowote wa kijiji. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, na hatua hiyo naiunga mkono bila ya kusita.

Nilipata kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili katika shule moja ya kata upande wa mlimani. Msichana mmoja alisimama, mikono nyuma, akaitaja mihimili mitatu ya dola kwa Kiingereza pasipo kukosea hata silabi, na kazi ya kila mhimili, na faida tano za kuitenganisha. Wenzake wakampigia makofi matatu kama walivyoamriwa, naye akaketi. Kisha mwalimu, ambaye nadhani alichoshwa na makofi hayo kama mimi, akauliza kwa Kiswahili: kijiji chenu kilisomewa lini mara ya mwisho mapato na matumizi? Darasa likanyamaza kidogo. Mvulana wa dawati la mwisho akasema kwamba kwao yalisomwa baada ya mavuno, ila fedha za ushuru wa ndizi hazikutajwa, na mjomba wake aliuliza akaambiwa aandike barua; mwingine akasema kwao hayajasomwa tangu mwenyekiti achaguliwe; na yule msichana wa mihimili mitatu akauliza, kwa sauti ndogo lakini kwa shauku ambayo hakuwa nayo alipokuwa amesimama, kama mwenyekiti asiyesoma hesabu anaweza kuondolewa. Kengele ikalia kabla ya jibu.

Jibu lipo, na limo katika sheria ambayo kila ofisi ya kijiji yapaswa kuwa nayo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982, mamlaka ya juu kabisa kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, ambao hukutana walau mara moja kila miezi mitatu, na ndio wenye uwezo wa kuichagua halmashauri ya kijiji na kuwaondoa wajumbe wake. Halmashauri hiyo ina wajumbe 15 hadi 25, na si chini ya robo yao wawe wanawake. Mwenyekiti huchaguliwa na watu. Ofisa mtendaji huajiriwa na halmashauri ya wilaya. Mwanafunzi anayeielewa tofauti ya hao wawili, kwamba mmoja hujibu kwa wanakijiji waliomchagua na wa pili hujibu kwa mwajiri wake, ameshika jambo ambalo vitabu vya kiada hulieleza kwa kurasa nyingi pasipo kulifikisha. Katika ofisi za vijiji nilizopata kuziingia, zenye meza moja, benchi la ubao na picha ya Rais ukutani, kuna daftari kubwa la mihtasari ya vikao, lenye mistari myekundu pembeni, na ndani yake, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, utaona agenda, majina ya waliohudhuria, hoja, maazimio na sahihi. Daftari hilo ni kitabu bora cha Uraia kuliko vyote nivijuavyo, na aghalabu liko mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni.

Fauka ya hayo iko ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imekataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, na imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, ili kusuluhisha magomvi. Katika Uluguru jambo hili si la nadharia. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba mengi milimani yamepita mikononi mwa vizazi kwa njia hiyo. Na mji wa Morogoro wenyewe ulikua kando ya ngome ya mtawala Kisabengo, ambaye baada yake alitawala binti yake, na msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone alimkuta mwanamke huyo akiwa ndiye mwenye mji. Binti wa kidato cha tatu ambaye bibi yake anashika shamba la ukoo anapaswa kujua sheria ya nchi inasema nini juu ya shamba hilo, na ukoo unasema nini, na pale viwili hivyo vinapogongana aende wapi.

Kutazama mambo ya mbali nako kuna manufaa, mradi tuanzie nyumbani. Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, kama Vermont, miji midogo mpaka leo huitisha mkutano wa wakazi wote kila mwaka, nao hupitisha wenyewe bajeti ya barabara na huduma nyingine za mji wao. Mwanafunzi wa Mgeta, huko Uluguru, akisimuliwa habari hiyo ataitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa mkutano mkuu wa kijiji chake. Kisha anaweza kupandishwa ngazi hadi mambo magumu zaidi. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inamkataza mtu kuwa mjumbe wa Bunge na waziri kwa wakati mmoja. Katiba yetu ya mwaka 1977 inamtaka Rais awateue mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge. Rais wa kule hana uwezo wa kulivunja Bunge. Wa kwetu anao, katika hali zilizotajwa. Haki za raia ziliongezwa katika Katiba yao mwaka 1791, na katika yetu mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Basi kijana aliyekariri kwamba mihimili ya dola imetenganishwa aulizwe: imetenganishwa kwa kadiri gani hapa, na kwa kadiri gani kule, na je, waziri anayeketi bungeni hujibu maswali ya wananchi vizuri zaidi au anajikagua mwenyewe? Swali hilo halina jibu la kusahihishwa kwa alama ya vema, na ndiyo sababu linafaa kuulizwa.

Lakini kama ningelipewa somo moja tu la kufundisha katika shule za Uluguru, ningelichagua maji. Mito ya mlima huu hunywesha mashamba ya mboga ya Mgeta, huujaza bwawa la Mindu linalounywesha mji wa Morogoro, na kwa njia ya Ruvu huupa mji wa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi zake papo hapo Morogoro, ndiyo itoayo vibali vya kuchota. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na msitu wa juu ni hifadhi ya asilia tangu mwaka 2008. Mkulima aliyerithi bustani ya kabichi kando ya kijito anaambiwa aondoke kwa manufaa ya mamilioni ya watu asiowaona. Wanaomwambia wana hoja, kama vile waliokuja na matuta mwaka 1950 walivyokuwa na hoja. Je, ameulizwa? Amefidiwa? Ni nani anayemwakilisha katika bodi, na alichaguliwa vipi? Vijana wakigawanywa darasani, hawa wawe wakulima wa Mgeta, hawa maofisa wa bonde, na hawa wakazi wa Dar es Salaam wanaosubiri bomba litoe maji, wataijua serikali kwa jasho la kubishana, nao wataelewa kwamba haki mbili zaweza kukutana katika mto mmoja na zote zikawa za kweli.

Morogoro imewahi kuwa na shule iliyofundisha uraia kwa shauku kubwa kuliko zote, nayo haikuwa ya Watanzania. Baada ya wanafunzi wa Soweto kuinuka tarehe 16 Juni 1976 na vijana wengi kuikimbia Afrika Kusini, serikali yetu iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha nchi hiyo, ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge huko Mazimbu, nje kidogo ya mji, mji ambao tayari mwaka 1969 ulikuwa umeupokea mkutano mkubwa wa chama hicho. Na hapo ikajengwa shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Pamoja na hesabu na sayansi walisomeshwa historia ya harakati zao na somo juu ya maendeleo ya jamii za wanadamu, wakalima na kujenga kwa mikono yao, wakijiandaa kuwa raia wa nchi ambayo haikuwatambua kuwa raia. Ilikuwa elimu ya chama, kama Siasa yetu ilivyokuwa, na haya nisemayo si kutamani chama kirudi darasani. Nataka msomaji aone kwamba vijana wale walijua kwa nini wanasoma. Shule ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo majengo yake ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Upo pia uwanja wa makaburi ya waliofia uhamishoni, ambako mwalimu yeyote wa mjini anaweza kuwapeleka wanafunzi wake asubuhi na kuwarudisha kabla ya chakula cha mchana.

Hata ndani ya uzio wa shule liko jambo la kutengenezwa. Kila sekondari ina viranja, kaka mkuu au dada mkuu, nao kwa kawaida huchaguliwa kwa kura. Lakini desturi iliyoenea ni kwamba walimu huwahoji wagombea kwanza na kuyakata majina wasiyoyapenda, na pengine matokeo yakikosa kuwapendeza hubadilishwa ofisini. Naielewa hadhari yao, kwa kuwa bweni lenye watoto mia tatu si mahali pa mzaha. Hata hivyo mtoto aliyepiga kura akaona kura yake imepuuzwa amefundishwa somo ambalo hakuna kitabu kitakachomfutia, na kwangu mimi ni heri kiranja mkorofi aliyechaguliwa kwa haki, akakaripiwa na baraza la shule mbele ya wenzake na kuondolewa kwa kura zao, kuliko kiranja mpole aliyeletwa.

Walimu watasema kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za Matombo wala ushuru wa ndizi, na kwamba madarasa yana wanafunzi wengi na vipindi ni vichache. Wasemayo ni kweli. Lakini kumwalika mtendaji wa kijiji aje na daftari lake la mihtasari kwa kipindi kimoja hakuhitaji bajeti, wala kuomba wanafunzi waketi pembeni ya mkutano mkuu, wasikilize bila ya kupiga kura, kwa kuwa mkutano huo hufanyika hadharani. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, na wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 siku ile atakuwa amefikisha 18 utakapofika ule wa mwaka 2029, atapewa karatasi ya kura ya mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji chake, na kuanzia siku hiyo mkutano mkuu hauwezi kumzuia kusimama na kuuliza fedha za ndizi ziko wapi.